UZI: Naosi ya Makumi ya Farao Nectanebo. Paa liko Paris, kitako Alexandria, kuta zilikuwa baharini. Leo iko wapi hasa?

#1 Kisiki cha Mpingo

Wakuu, habari za wakati huu.

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: kasha la jiwe jeusi la farao, eti limeandikwa nyota za kuua watu, likazama baharini, wapiga mbizi wakalipata, halafu "wakubwa" wakalificha. Jamaa yangu kaniletea akitaka nimthibitishie. Nikamwambia ngoja nifungue uzi, maana kasha lenyewe lipo kweli, lina jina, lina namba, na ukifuata namba unafika lilipo. Chumvi iko kwenye hiyo habari ya kufichwa.

Tuelewane kwanza tunazungumzia kitu gani. Hekalu la Misri ya kale lilikuwa na chumba cha ndani kabisa, giza totoro, asikoingia mtu ila kuhani aliyekwisha kujitakasa. Humo kulikuwa na kijumba cha jiwe, mara nyingi kimechongwa kwenye jiwe moja tu, mbele kina mlango wa mbao, ndani imekaa sanamu ya mungu. Wataalamu wanakiita naosi. Ukitaka kuona kilivyokaa mahali pake, nenda Edfu, kusini mwa Misri. Naosi ya Nectanebo II bado imesimama pale, kimo chake kama mita 4, na ina umri mkubwa kuliko hekalu linaloizunguka: hekalu lilianza kujengwa mwaka 237 KK, naosi ikarithiwa kutoka hekalu la zamani. Pale hakuna cha kutafuta, unakata tiketi unaingia.

Hii yetu ndiyo yenye kazi. Aliyeiagiza ni Nectanebo I, aliyetawala 380 hadi 362 KK. Alitengeneza naosi zaidi ya moja kwa ajili ya mahekalu ya Per-Sopdu, mji ambao leo ni Saft el-Henna, karibu na Zagazig, mkoa wa Sharqiya, mashariki mwa delta ya Nile. Mojawapo aliitoa kwa mungu Shu: granaiti nyeusi, kimo karibu sawa na mtu mzima, juu ina paa la umbo la piramidi. Kuta zake zimechongwa kalenda, mwaka mzima umekatwakatwa vipande vya siku kumi kumi. Ndipo lilipotoka hilo jina la Naosi ya Makumi.

Ngoja nipange picha yote kichwani, nashusha sehemu ya pili.

#2 Ngalawa Mbovu

Nimevuta kigoda. Tiririka mkuu.

#3 Fundi Saa

Uzi wa maana huu, siyo zile za "nani alijenga piramidi" kila wiki.

#4 Kisiki cha Mpingo

Sehemu ya pili.

Mwaka 1776, Abukir, pwani karibu na Alexandria, lilionekana paa la naosi. Angalieni ramani: Abukir iko magharibi, Saft el-Henna iko mashariki, delta nzima iko katikati. Kwa hiyo kabla hata ya kuvunjika, naosi ilikuwa imeshahamishwa kwao. Zama za Waptolemayo (wafalme wa Kigiriki waliotawala Misri) na Warumi, Abukir palikuwa mji wa Canopus, wenye hekalu maarufu la mungu Serapis ambako wagonjwa walikwenda kulala wakitafuta uponyaji. Vitu vya kale kutoka mahekalu ya bara vilikuwa vikisombwa kupelekwa pwani ile.

Paa likaingia Louvre mwaka 1817. Hapo Mfaransa Champollion hajatangaza bado ufumbuzi wa maandishi ya Misri (1822), na Louvre yenyewe haina bado idara ya Misri (1826). Yaani walipokea jiwe lililojaa maandishi ambayo hakuna mtu duniani aliyeweza kuyasoma. Likapewa namba D 37. Jirani yake kwenye orodha, D 38, ni ule mduara wa nyota uliotoka hekalu la Dendera, Misri, ambao kila mtu anaujua. D 37 haijulikani na wengi, na kwa maoni yangu imeonewa.

Miaka zaidi ya mia ikapita. Mwaka 1933, rubani wa jeshi la anga la Uingereza aliyekuwa akiruka juu ya ghuba ya Abukir aliona kitu kama magofu chini ya maji. Habari zikamfikia mwanamfalme Omar Toussoun, mtu wa Alexandria aliyekuwa na hela, muda, na hamu ya historia. Akapeleka mpiga mbizi. Kikatoka kichwa cha marumaru cha Alexander, na vikatoka pia vipande vya granaiti nyeusi vyenye maandishi: kitako na ukuta wa nyuma wa naosi. Vyote vikaenda Jumba la Makumbusho la Kigiriki na Kirumi, Alexandria.

Sasa hapa ndipo panaponifurahisha. Vipande vikakaa Alexandria, paa likakaa Paris, na hakuna aliyekuwa amechapisha kwamba ni mwili mmoja. Mwaka 1952 Wamisri wawili, Labib Habachi na Banoub Habachi, wakachapisha makala wakionyesha kwamba vinaungana. Walioliunganisha jiwe hilo ni Wamisri, kwa kusoma maandishi na kulinganisha, bila kupiga mbizi hata mara moja. Kwenye klipu hawatajwi.

Kisha mwaka 1999 timu ya Franck Goddio, Mfaransa anayechunguza mambo ya kale chini ya bahari, wakifanya kazi na mamlaka ya mambo ya kale ya Misri, wakakuta vipande vingine vya kuta chini ya maji upande wa mashariki wa Canopus. Hapo kalenda ikaanza kusomeka kwa urefu. Mtaalamu wa Misri ya kale, Anne-Sophie von Bomhard, akafanya uchambuzi wake, ukatoka mwaka 2008.

#5 Tanga Kwetu

Mkuu mbona naosi ikaishia baharini? Walitupa?

#6 Kisiki cha Mpingo

Hapana, ardhi ndiyo iliyoshuka. Pwani ile ni tope la mto Nile lililorundikana. Ukiweka majengo mazito juu yake, yakija matetemeko na mafuriko, udongo unalegea unakuwa kama uji. Bahari nayo ilikuwa ikipanda taratibu. Sehemu kubwa ya mji ilikuwa imekwisha kwenda chini kufikia karne ya 8.

Ila naosi ilikuwa imevunjwa kabla ya hapo. Hekalu la Serapis pale Canopus liliangushwa mwishoni mwa karne ya 4 BK, mapagani walipopigwa marufuku, na monasteri ya Kikristo ikajengwa palepale. Jiwe zuri la granaiti lenye miungu ya kipagani, unadhani lingeachwa?

#7 Ngalawa Mbovu

Na hizo nyota za kuua je? Au hiyo nayo chumvi?

#8 Kisiki cha Mpingo

Hiyo haina chumvi kubwa, mkuu.

Jiweke mbele ya ukuta wa nje. Umegawanywa visanduku, kila kisanduku ni siku kumi. Ndani ya kila kisanduku michoro ileile inarudiwa, miongoni mwake mwili wa maiti uliosimama na mwili wa maiti uliolazwa kitandani, halafu pembeni maandishi yanaeleza kipindi hicho cha siku kumi, chini ya kundi lake la nyota, kinaleta nini. Na kinacholetwa ni vifo, magonjwa na misukosuko ya anga, vyote vikielekezwa kwa maadui wa Misri, hasa watu wa mashariki.

Kwa nini mashariki? Kumbuka Saft el-Henna iko upande wa kuingilia Misri ukitokea Asia, na Sopdu, mungu wa mji ule, ndiye mlinzi wa upande huo. Nectanebo I mwenyewe alivamiwa na Waajemi mwaka 373 KK, jeshi la Pharnabazus likaja mpaka delta likashindwa kuendelea. Farao wa namna hiyo kuandikisha hekaluni ratiba ya mwaka mzima ya kuwaangamiza majirani zake ni jambo linaloeleweka. Ni jiwe la mpakani, lina hofu ya mpakani.

Nyota zenyewe ni zile makundi 36 ambayo Wamisri waliyatumia kuhesabu saa za usiku na siku za mwaka. 36 mara siku 10 ni 360, zinabaki siku 5 za kufungia mwaka.

#9 Binti Makunduchi

Shikamooni wakubwa, marhaba wadogo.

Hapo kwenye 36 mara 10 na siku tano za mwisho nimesimama. Mbona hiyo ndiyo hesabu ya mwaka wa Nairuzi tuliokuwa nao pwani? Babu zetu manahodha na wakulima walihesabu mwaka wa jua wa siku 365 kwa miongo, na mwongo ni siku kumi. Ulikuwa ukimuuliza mzee lini pepo za kusi zinaanza, anakutajia mwongo wa ngapi. Na Mwaka Kogwa hapa kwetu ndiyo siku ya kwanza ya hesabu hiyo. Je, tunaweza kusema imetoka Misri?

#10 Kisiki cha Mpingo

Dada, umeleta kitu kizito. Naomba tukishike kwa uangalifu.

Nairuzi imefika pwani kwa njia ya Waajemi na biashara ya Bahari ya Hindi, jina lenyewe linasema. Sasa, kalenda ya Waajemi wa kale nayo ilikuwa na siku 365, miezi 12 ya siku 30 na siku tano za ziada, na wataalamu wengi wanaona mpango huo ulichukuliwa kutoka Misri. Kwa hiyo kuna uzi mwembamba unaoweza kuvutwa, ila hauendi moja kwa moja kutoka kwenye jiwe hili hadi Makunduchi. Mtu yeyote anayekata mwaka wa siku 365 kwa makumi atapata 36 na siku tano, awe Mmisri au Mmakunduchi.

Kinachofanana kweli ni kilema chao. Kalenda zote mbili haziongezi siku ile moja kila mwaka wa nne. Kwa hiyo zinateleza: kila miaka minne mwaka mpya unarudi nyuma siku moja ukilinganisha na jua. Ndiyo maana Mwaka Kogwa leo unaangukia Julai, wakati Nairuzi ya Iran imekaa palepale Machi. Wamisri nao sikukuu zao za mavuno ziliteleza mpaka zikaangukia msimu mwingine kabisa.

#11 Binti Makunduchi

Ahsante sana. Hiyo ya kuteleza wazee wetu waliijua, walikuwa wakisema mwaka umerudi nyuma.

#12 Fundi Saa

Kisiki, tupe njia uliyopita. Sisi wengine tukitafuta "naos Nectanebo" tunapata picha elfu, kila moja inasema jumba tofauti.

#13 Kisiki cha Mpingo

Siri iko kwenye namba, siyo kwenye jina. Jina la kitu cha kale linabadilika kila anayeandika, na Nectanebo wako wawili na kila mmoja ana naosi zaidi ya moja. Namba ya jumba la makumbusho haibadiliki kirahisi.

Nilianzia kwenye orodha ya Porter na Moss, inayotunzwa na Taasisi ya Griffith ya Oxford. Ni vitabu vinavyopanga kila jiwe la Misri kwa mahali lilipotoka, vipo bure mtandaoni. Nikapata D 37. Nikaingia kwenye tovuti ya makusanyo ya Louvre, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2021, nikaandika D 37, likaja paa lenyewe na picha zake. Kwa upande wa Alexandria namba ni JE 25774.

Na hapo pana mtego. Ukiona JE, akili inakimbilia Cairo, kwa sababu daftari maarufu la kupokelea vitu linaloanza na JE ni la Jumba la Misri la Cairo. Lakini vipande hivi vilitoka majini mwaka 1933, na wakati huo daftari la Cairo lilikuwa limeshavuka 50,000. Namba 25774 ya Cairo ingekuwa kitu cha karne ya 19. Hii JE ni ya daftari la Alexandria. Ukiingia kwenye orodha ya Cairo na namba hiyo utatoka na kitu kisichohusiana, na nadhani baadhi ya zile kurasa zinazosema "iko Cairo" zilipotelea hapo. Sababu ya pili ni kwamba Cairo kweli kuna naosi ya Saft el-Henna, ila ni nyingine. Hiyo ni CG 70021, ya Sopdu, ya farao yuleyule, jiwe la aina ileile. Ndugu wawili wanachanganywa.

Ya Sopdu ina kisa chake. Mchimbaji wa mambo ya kale kutoka Uswisi, Édouard Naville, alipochimba Saft el-Henna mwaka 1885 aliikuta imeshapasuliwa. Aliandika kwamba wakulima waliipata miaka ya nyuma, na pasha mmoja (mkubwa wa serikali) akaamuru ivunjwe akiamini kuna dhahabu ndani. Naosi ni jiwe limechimbwa katikati kama mzinga, dhahabu gani tena? Naville akakusanya vipande alivyovipata vikapelekwa jumba la makumbusho, wakati huo likiwa Bulaq.

Kwa hiyo nikisema jibu la swali la uzi: hakuna mahali pamoja. Paa, Paris. Kitako na ukuta wa nyuma, Alexandria. Vipande vya mwaka 1999 ni mali ya taifa la Misri. Ndivyo isemavyo sheria namba 117 ya mwaka 1983: kinachochimbwa ni cha taifa. Vilionyeshwa pamoja na paa kwenye maonyesho makubwa ya hazina zilizozama, Berlin na Paris, kuanzia mwaka 2006, kisha kila kipande kikarudi kwa mwenyewe.

Na hiyo habari ya "kufichwa" nadhani naijua chanzo chake. Jumba la Kigiriki na Kirumi la Alexandria lilifungwa kwa ukarabati mwaka 2005, likafunguliwa tena Oktoba 2023. Miaka 18! Mtu aliyekwenda katikati hapo akakuta geti limefungwa, akirudi nyumbani anasema wamelificha.

#14 Tanga Kwetu

Wafaransa warudishe paa. Sioni mjadala.

#15 Ngalawa Mbovu

Waanze Wajerumani na dinosaria wetu wa Tendaguru, yule mrefu amesimama Berlin mpaka leo watu wanapiga naye selfi.

#16 Fundi Saa

Kisheria itakuwa ngumu, paa liliondoka 1817 na amri ya kwanza ya Misri ya kuzuia kusafirisha mambo ya kale ni ya Muhammad Ali, 1835. Kabla ya hapo kila balozi alikuwa na wachimbaji wake.

#17 Tanga Kwetu

Kisheria, kisheria. Mwenye nyumba alikuwa na bunduki ya nani kichwani wakati sheria haijaandikwa?

#18 Kisiki cha Mpingo

Mimi niko na Tanga kwenye hili, kwa sababu moja ya kitaalamu. Jiwe hili ni maandishi. Sentensi inaanza kwenye kipande kimoja inaishia kwenye kingine. Kuna vitu ukivigawa kila upande unabaki na kitu kamili, mfano sanamu mbili. Hii ukiigawa unabaki na kurasa zilizochanwa. Hata nakala ya plasta ya paa ikakaa Alexandria, au nakala ya kuta ikakaa Louvre, mtazamaji angeelewa. Tuendelee na mada, tusije tukafungiwa uzi.

#19 Mzee wa Kilindini

Salaam vijana. Kuna mhubiri alitufundisha kwamba kuna naosi ya huko huko inayosimulia Waisraeli kutoka Misri na giza la siku tisa. Ndiyo hii?

#20 Kisiki cha Mpingo

Shikamoo mzee. Hiyo ni nyingine, ila ni ya ukoo uleule. Ilionekana El-Arish, Sinai, miaka ya 1880, wenyeji wakiitumia kunyweshea mifugo. Fikiria: nyumba ya mungu imelazwa chali, ng'ombe wanakunywa humo. Griffith, yule Mwingereza ambaye Taasisi ya Oxford ina jina lake, akanakili maandishi yake, na leo iko makumbusho ya Ismailia, namba 2248.

Maandishi yanasimulia miungu Shu na mwanawe Geb wakiwa wafalme wa duniani, machafuko, dhoruba na giza ambalo watu hawakuweza kuonana nyuso. Wapo waliolichukua hilo giza wakaliunganisha na kitabu cha Kutoka. Lakini Waisraeli hawamo, Musa hayumo, na jiwe lenyewe ni la zama hizihizi za mwisho wa mafarao. Na kwa kuwa Naville naye aliamini Saft el-Henna ndiyo nchi ya Gosheni walikokaa Waisraeli, mambo yakazidi kukolea. Mhubiri hakuota, alisoma mahali, ila aliyeandika alivuta kamba kupita kiasi.

#21 Mzee wa Kilindini

Marhaba mwanangu. Nimekuelewa. Je, ile nyumba ya kijani ya Memphis wanayoitaja Waarabu wa kale?

#22 Kisiki cha Mpingo

Mzee umenigusa. Kama kuna naosi ninayoililia ni hiyo.

Abd al-Latif al-Baghdadi, tabibu, alifika Misri karibu mwaka 1200 akaiona Memphis, mji mkuu wa kale wa Misri, ikiwa magofu. Anasema palikuwa na nyumba ya jiwe moja, ya kijani, urefu dhiraa 9 kwenda juu, dhiraa 8 kwa 7, kuta zake unene wa dhiraa 2, imechongwa nje na ndani jua, nyota, watu na nyoka. Na hapohapo anasema wajinga wamechimba chini yake wakitafuta hazina, ikainama, ikapata nyufa. Pasha wa Saft el-Henna alikuwa na mababu.

Mwanahistoria al-Maqrizi anamalizia: katikati ya karne ya 14 amiri Shaykhu alitaka kuihamishia Cairo, ikavunjika, vipande vikatumika kwenye msikiti na khanqah (nyumba ya masufi) yake katika mtaa wa Saliba. Majengo hayo mawili bado yapo, yanatazamana barabarani. Kwa hiyo hata hiyo "iliyopotea" ina anwani, ila iko kwenye kuta na vizingiti vya watu wanaosali.

#23 Binti Makunduchi

Wallahi nyie watu mmenifanya niuache mchuzi jikoni.

#24 Fundi Saa

Kisiki, mdogo wangu anasoma Ufaransa. Nimwelekeze vipi akaipige picha D 37?

#25 Kisiki cha Mpingo

Asiende kichwa kichwa, Louvre ni kubwa na upande wa Misri peke yake utamla siku nzima. Aingie kwenye tovuti ya makusanyo, aandike D 37. Ukurasa wa kitu unaonyesha kama kiko kwenye maonyesho na chumba namba ngapi. Anakili namba ya chumba, akifika anamwonyesha mlinzi. Afungue pia picha zake kwanza, ili ajue anatafuta paa tu, siyo naosi nzima, asije akapita mbele yake. Apige pande zote nne, tena kwa pembeni ili mwanga ulale kwenye michongo, granaiti nyeusi ukiipiga usoni inakuwa kama ubao wa darasani.

Na asiende Jumanne, wanafunga.

#26 Ngalawa Mbovu

Akizipata azitupie humu humu, uzi usifungwe.